Nani Atawafundisha Makinda Kuimba?

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Zaburi 104, na nawasihi msiipite mbio aya ya 12. Mtunga zaburi anataja chemchemi za mabondeni na punda mwitu wanaokata kiu, kisha anawafikia ndege watoao sauti zao kati ya matawi. Hatuambiwi wanatufaa kwa lipi. Wanaimba, Muumba wao anawasikia, basi.

Kauaʻi, mojawapo ya visiwa vya Hawaii, ina ndege wa msituni wasiopatikana kwingine duniani. Mmoja ni ʻanianiau, ndege wa manjano, mdogo kuliko shomoro. Mwaka 2019 watafiti walieleza walichokuta baada ya kulinganisha nyimbo za aina tatu za ndege hao, zilizorekodiwa katika kipindi cha takriban miaka 40. Nyimbo zimepungua madoido, na za aina moja zimeanza kufanana na za aina nyingine. Ndege hawa hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wakubwa wao, na wakubwa wamekuwa wachache mno. Ni kama kwaya iliyofiwa na walimu wake: vijana wapo, wana sauti nzuri, lakini wanaimba ile sauti moja waliyowahi kuisikia.

Kinachowamaliza tunakijua sote: mbu. Hawaii haikuwa na mbu hata mmoja mpaka meli ilipowaleta mwaka 1826, na mbu wakaja kueneza malaria ya ndege. Kwa muda mrefu ndege walisalimika kule juu milimani kwenye baridi. Sasa joto linapanda, mbu wanapanda nalo, na milima ya Kauaʻi si mirefu kiasi cha kuwapa ndege pa kukimbilia zaidi. Mwaka 2023 ʻakikiki, ndege mwingine wa kisiwa hicho, waliojulikana kubaki msituni walikuwa watano. Kauaʻi ʻōʻō, naye ndege wa huko, alisikika mara ya mwisho mwaka 1987.

Kwangu hili ni jambo la ibada kabisa. “Kila mwenye pumzi na amsifu Bwana,” tunaimba kila Jumapili, na wenye pumzi si sisi peke yetu. Zaburi 78 inatuagiza tusiwafiche watoto sifa za Bwana, wapate kuzisimulia kwa watoto wao. Ndege hawa wamekuwa wakitii agizo hilo tangu kuumbwa, mkubwa kwa kinda, hadi meli zetu na moshi wetu ulipowakatiza. Tunahitaji kutubu, na toba hiyo inatuhusu hata sisi tusiotazamia kufika Hawaii.

Yapo ya kumshukuru Mungu. Tangu mwishoni mwa 2023, katika misitu ya kisiwa cha Maui, wanaachiliwa mbu dume waliotayarishwa ili jike wa porini akipandana nao mayai yake yasianguliwe. Dume haumi, kwa hiyo haenezi ugonjwa. Wengine wanalea ʻakikiki kwenye vizimba, wakingoja siku msitu utakapokuwa salama. Tuwaombee watu hawa. Kazi yao ni ya uvumilivu mwingi.

Na kabla ya ibada ya Jumatano, kila nyumba imuulize bibi au babu: ni ndege gani mliokuwa mkiwasikia alfajiri, ambao sasa hawasikiki? Andikeni majina yao kwa lugha ya nyumbani, myalete tuyaombee.