Pindo la suruali ya jirani

Cherehani alinipa shangazi alipoacha kushona sababu ya macho, ikakaa kwangu muda mrefu imefunikwa na shuka, nikitaka kuitumia naishonea foronya au kiraka cha pazia basi, nguo ya mtu sikuwa nimewahi kuigusa. Na sio kwamba nilikuwa sijui. Shangazi alinifundisha tangu nikiwa mdogo, kutunga uzi, kujaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kupiga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia kitambaa, kukunja pindo, vyote hivyo mikono ilikuwa inavijua vizuri tu. Shida ilikuwa kichwani, kuna sauti ilikuwa haichoki kuniambia wewe nani bwana, mafundi wenzako wamesomea, wana ofisi, wana majina, siku ukiharibu nguo ya mtu utauficha wapi uso wako?

Video nazo zilizidisha. Usiku niko na simu natazama mafundi wanashona magauni ya harusi na makoti yenye bitana, nikizima naona kama wao wamesogea mbele zaidi na mi nimerudi nyuma. Nikawa najiambia nitaanza nikishajiamini. Hayo maneno nimeishi nayo sana, na leo nikimsikia mtu anayasema naumia kabisa moyoni kwa sababu najua yanavyokula miaka ya mtu bila kelele.

Sasa siku hiyo jioni jirani yangu akagonga, kijana mstaarabu, tulikuwa tunasalimiana tu mlangoni. Kashika suruali ya kadeti, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. "Dada samahani, nimesikia mlio wa cherehani kwako juzi. Kesho asubuhi nina usaili, hii suruali inaburuza chini, mafundi wote wamefunga. Unaweza kunikunjia hata kidogo tu?"

Jibu lililokuja mdomoni lilikuwa lile la siku zote, kwamba mimi sio fundi kaka yangu. Na nililisema kweli. Ila yeye hakuondoka, alisimama pale anaiangalia suruali, akasema taratibu, "Basi nitaikunja na pini." Nikaiona picha, mtu kaingia kwenye usaili, kakaa kwenye kiti, pini zinaonekana chini ya suruali. Nikamwambia ingia, kaivae, na uvae viatu vyenyewe utakavyovaa kesho.

Hapo kwenye viatu ndipo nilipojishangaa, maana nilitamka bila hata kufikiri. Suruali haipimwi mtu akiwa peku, kisigino cha kiatu kinabadilisha kila kitu. Nikamwambia simama wima, angalia mbele, usiiname kunitazama, kwa sababu mtu akiinama kuangalia miguu suruali inashuka na kipimo kinaharibika. Nikapiga magoti na pini mdomoni kama alivyokuwa anafanya shangazi, nikapima mguu wa kulia, alafu wa kushoto nao nikaupima peke yake, maana miguu ya watu wengi haiko sawa. Ilizidi kama sentimita 5. Nikachora na chaki, akavua, akaenda.

Mlango ulipofungwa ile sauti ikarudi kwa nguvu. Mikono inatoka jasho, moyo unapiga, nimekaa naitazama suruali mpya ya mtu na usaili wake wa kesho. Nikajiuliza hasa naogopa nini, maana kushona pindo siogopi, nimeshona mapindo ya mapazia hadi nimechoka. Nikagundua naogopa mkasi. Ni mkasi tu! Mshono ukikosewa unafumuliwa, kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Basi nikauchukua mkasi nikauweka chumba kingine. Nikaamua suruali hii haikatwi, kitambaa chote kilichozidi nitakikunjia ndani, na kikitokea chochote nafumua uzi, napiga pasi, suruali inarudi kama ilivyotoka dukani. Kwa kweli mabega yalishuka palepale. Kazi ilikuwa ileile lakini sasa ilikuwa na mlango wa kutokea, na mpaka leo naona hicho ndicho watu wengi tunachokikosa tunapoambiwa tuanze kidogo, tunatafuta kitu kidogo kwa ukubwa wakati tungetafuta kitu ambacho kikienda vibaya kinarekebishika.

Ila kutokukata kuna gharama yake. Suruali ya kadeti inabana kadiri inavyoshuka, ukikunja juu sana ule upande wa ndani unakuwa mwembamba kuliko sehemu unayoulaza, kitambaa kinavutana na pindo linafanya mikunjo. Dawa yake nilikuwa naijua, nikafumua lile pindo la kiwandani, alafu nikafumua kidogo mishono ya pembeni kwenye ile sehemu tu inayoingia ndani, kitambaa kikapata nafasi ya kutanuka kikalala. Nikapiga pasi kwanza, nikapiga bandi kwa mkono kuzunguka mguu mzima, uzi mweupe ili niuone vizuri wakati wa kuutoa. Nikafungua cherehani, nikaweka sindano namba 90, nikanyanyua mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ndio nikatunga uzi. Hili la kunyanyua mguu shangazi alinipigia kelele sana utotoni. Mguu ukiwa chini zile sahani za kukaza uzi zinakuwa zimebana, uzi hauingii katikati yake, alafu ukianza kushona nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa kama kiota na mtu anahangaika na bobini bure wakati tatizo liko juu.

Nikaanzia kwenye mshono wa ndani wa mguu, pale ambapo mwanzo na mwisho wa uzi hauonekani. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kinene, nikairefusha hatua ya mshono kidogo ifanane na ya kiwandani, nikaingia. Taratibu sana. Nilipofika kwenye mshono wa pembeni ambapo tabaka za kitambaa ni nyingi, mashine ikagoma, ikawa inaguna tu, na hapo zamani ningeacha. Nikatoa mguu kwenye pedali, nikazungusha lile gurudumu la pembeni kwa mkono, pigo moja, jingine, jingine, sindano ikavuka. Mguu wa kwanza ukaisha. Nikaunyoosha kwenye taa nikaukagua wote, mstari ulikuwa umenyooka.

Nataka niseme kitu kuhusu mguu wa pili. Nilivyoanza mguu wa pili mikono ilikuwa imekauka jasho na ile sauti haikuwepo, na hakuna mtu aliyekuwa amenisifia, hakuna video niliyotazama katikati, hakuna kilichobadilika zaidi ya kwamba kulikuwa na mguu mmoja umekwisha umelala pale mezani. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kuhusu Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 juu ya mtu anavyopata imani kwamba jambo fulani analiweza. Alitaja vyanzo 4, kufanya mwenyewe ukafanikiwa, kuona wengine wakifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wako, yaani hayo mambo ya jasho na mapigo ya moyo. Na akasema chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Nilisoma nikaiweka simu chini, nikaukumbuka ule mguu wa pili wa suruali. Mimi nilikuwa nimetumia muda wote kwenye kutazama wengine na kusubiri maneno mazuri.

Nikatoa bandi, nikapiga pasi na kitambaa chenye unyevu juu yake ili isipate mng'ao, nikaitundika.

Alipita alfajiri kuichukua. Akaivaa, akatembea mpaka mlangoni akarudi, akajiangalia viatu, akasema "Aisee dada, hii umesema sio fundi?" Nikamwambia pindo nimelijaza kitambaa ndani sijakikata, ukiona fupi au ukitaka baadaye kuirefusha niletee. Akacheka akasema haitarefushwa hii. Usaili wenyewe hakufaulu, aliniambia mwenyewe, ila suruali aliendelea kuivaa na akapata kazi sehemu nyingine.

Wiki hiyohiyo akaja na dada yake, ana sketi imekufa zipu. Nikaipokea nikaigeuza ndani nje, nikamwambia ukweli kwamba zipu sijawahi kuweka kwenye nguo ya mtu, kama hana haraka aniachie nikajaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka ikae, alafu ndio niiguse ya kwake. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia mpaka Jumamosi. Akasema sawa, akaiacha.