Nilivyopata mkanda wa ngozi unaokaa sawa mkononi

Kifundo cha mkono wangu kina mzunguko wa sentimita 15 na nusu, na saa ninayoipenda kuliko zote ni Seiko 5 ndogo ya milimita 37. Saa yenyewe inanikaa vizuri. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni mkanda. Ya ngozi inayouzwa madukani mingi hukatwa kwa kipimo kimoja: upande wa bizimu milimita 75, upande wa matundu 115 au 120. Mtu mwenye mkono wa sentimita 17 au 18 hupendeza nayo. Kwangu mimi bizimu linapita katikati ya kifundo na kuegemea upande wa kidole gumba, na ncha ya mkanda inachomoza kupita vitanzi vyote viwili na kunasa kwenye mkono wa nguo. Mimi ni mwalimu, nasahihisha madaftari mkono ukiwa mezani, na bizimu lililokaa kombo nalihisi mchana kutwa.

Wauzaji wana jibu moja: "Dada, tutakuongezea tundu." Tundu la ziada hukaza mkanda, ila halirudishi bizimu katikati, kwa sababu upande wa bizimu urefu wake ni uleule. Hapo ndipo penye siri ya mkanda kukaa sawa, na sijaona duka linalomwambia mnunuzi. Wote wanauliza upana tu, ni milimita 18 au 20 au 22. Upana ni lazima, lakini huo ni wa saa. Urefu wa kila upande ndio wa mkono wako.

Basi nikaenda Mji wa Kale, hapa Mombasa, kwa mzee mmoja anayeshona makubadhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampa saa. Hakuniuliza rangi. Alichomoa zile pini za springi zinazoushikiza mkanda kwenye saa, akapima nafasi kati ya masikio ya saa, yale mapembe yanayoshika pini, 18 kamili, kisha akapima kutoka pini hadi pini kupitia mgongo wa saa, akapata kama 37. Nilipomnyooshea mkono, akakataa.

"Saa hizi bado asubuhi, mwanangu. Njoo baada ya alasiri, mkono ukiwa umeshaingia joto."

Alikuwa na haki. Kwenye joto la pwani mkono hujaa kadiri mchana unavyosonga, na mkanda uliopimwa asubuhi ukiwa umebana vyema, jioni unaacha alama. Niliporudi alizungusha utepe wa karatasi pale hasa saa inapokaa, juu kidogo ya mfupa, akatia alama ya kalamu. 155. Akatoa ile 37, akaongeza kidogo kwa ajili ya unene wa ngozi na nafasi ya kupumua, akabaki na 125 hivi. Hakugawa nusu kwa nusu. Upande wa bizimu aliupa 60, na tundu la katikati akaliweka kwenye 65, maana bizimu nalo lina mwili wake na lazima uhesabiwe. Upande mrefu wote ukawa 105. Mimi niliomba jambo moja tu: matundu yaachane milimita 5, badala ya 6 au 7 kama ilivyozoeleka. Kwa mkono mwembamba milimita mbili ni nyingi, na nilitaka tundu la asubuhi na tundu la jioni.

Kwenye ngozi nilikuwa tayari nimejifunza kuangalia. Maneno "ngozi halisi" yaliyopigwa muhuri nyuma ya mkanda hayakuambii kitu, kwa kuwa hata tabaka la chini la ngozi, lililopasuliwa na kupakwa plastiki juu, ni ngozi halisi pia. Tazama pale ilipokatwa. Ngozi iliyolainishwa kwa dawa ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati kwa ndani, chini ya rangi iliyopakwa. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa nyanda za juu Kenya na kule Njombe, huwa na rangi ya udongo tangu juu hadi chini, na tone la maji likiangukia juu yake linanywewa na kuacha doa jeusi. Sisemi ya kromu ni mbaya. Inavumilia maji kuliko hiyo nyingine. Lakini mimi napenda ngozi inayobadilika na mvaaji, inayoanza na rangi ya asali na kukolea mwezi baada ya mwezi, na nilichagua hiyo nikijua kwamba jasho litaiandika. Kwa ndani, upande unaogusa mwili, mzee aliweka ngozi ya mbuzi, nyembamba na laini.

Ushonaji wenyewe nilikaa nikautazama, na nawashauri mkipata nafasi mkae. Mzee alibana vipande viwili katikati ya magoti kwa kibanio cha mbao. Uzi ulikuwa mmoja, umesuguliwa nta ya nyuki, na kila ncha ina sindano yake. Akitoboa kwa msharasi, sindano ya kulia inapita, kisha ya kushoto inapita tunduni mule mule kutoka ng'ambo, anavuta mikono yote miwili kwa pamoja mpaka uzi unazama kwenye ngozi, anasonga tundu linalofuata. Cherehani haishoni hivyo. Ya cherehani ni nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mshono unaweza kufumuka mstari mzima. Huu wa mkono, jicho moja likikatika, uzi wa upande wa pili bado umeshika. Ukitaka kuutambua dukani, angalia mishono: ya mkono hulala kidogo, na huwa hivyo mbele na nyuma.

Kingo alizipiga msasa, akazilowesha kidogo, akazisugua kwa kipande cha mti mgumu mpaka zikang'aa kama kokwa ya tende. Hakuzipaka rangi. Rangi ya kingo hupendeza ikiwa mpya, lakini pale mkanda unapokunjwa kila siku ndipo inapoanza kupasuka.

Bizimu tulibishana kidogo. Yeye alipenda la shaba, na kweli linapendana na ngozi ya asali. Mimi nikasimama kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa sababu shaba na jasho la pwani huzaa kutu ya kijani inayoingia kwenye ngozi na mwilini. Akakubali. Upana wa mkanda unaanza 18 masikioni na kushuka mpaka 16 kwenye bizimu, na unene nao unapungua, milimita 3 karibu na saa na 2 nchani, hivyo mkono hauelemewi upande wa chini.

Ukiwa mpya ulikuwa mkavu na mgumu. Wiki za kwanza ziliulegeza. Sasa bizimu linakaa katikati kabisa, ncha inaishia ndani ya kitanzi cha pili, na kidole kidogo kinapita chini ya ngozi bila kulazimishwa. Saa haizunguki nikiandika ubaoni.

Kuutunza si kazi kubwa, ila ni kila siku. Wakati wa udhu na kuosha vyombo naivua saa. Jioni naufuta upande wa ndani kwa kitambaa kikavu na kuuacha wazi upigwe na hewa, siufungii kabatini. Mafuta ya ngozi naupaka mara chache, kidogo sana, kwa sababu yakizidi ngozi inavutika na matundu yanapanuka. Kaskazi ikipamba moto, kuanzia Desemba hadi Machi, narudisha ule mkanda wa nailoni uliokuja na saa na wa ngozi unapumzika. Tena ukibadilisha mkanda, badilisha na pini. Pini iliyochoka ndiyo inayoangusha saa, hata mkanda ungekuwa mzima.