Siku moja gereji: Hilux iliyochemka Kitonga

Saa 1:20 asubuhi. Baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu. Nafika gereji nakuta Hilux ya zamani, ile ya petroli yenye injini ya 22R, na mzee mwenye nayo amejikunyata ndani. "Kamwene, baba." "Kamwene, fundi. Jana imenichemkia kwenye mlima wa Kitonga." Alitoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, akafika kwa kusimamasimama na kumalizia madumu ya maji njiani.

Saa 2. Injini imelala usiku kucha, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unafunguka bila kuunguza mtu. Maji yana rangi ya chai. Naongeza, nawasha, nangoja. Mshale wa joto unapanda, unavuka nusu, lakini mpira wa juu wa rejeta ukiushika ni wa baridi kabisa. Feni inazunguka, pampu ya maji haivuji. Thamostati, ile vali inayoachia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata joto, imegoma kufunguka. Nazima haraka kabla silinda hedi haijapinda.

Saa 3:30. Imepoa. Kifuniko cha thamostati kina bolti mbili tu, spana namba 12. Ya kwanza inatoka kwa heshima zake. Ya pili imeshikana na alumini, kwa sababu ya miaka mingi ya maji ya bomba bila kulanti (ile dawa ya rejeta inayozuia kutu). Dogo anakuja na bomba la kurefushia spana, namnyang'anya, bolti isije ikakatika. Mafuta ya kulegeza kutu, nyundo ndogo kichwani, kaza kidogo, legeza kidogo. Saa nzima! Inatoka nzima.

Saa 5. Thamostati mpya imefika, ila boksi siliamini. Gereji tuna sufuria yetu (mama ntilie aliisusa siku alipojua tunachemshia nini). Nazining'iniza zote mbili kwa waya, mpya na ya zamani. Mpya imegongwa 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Huku juu kwetu maji yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo yanatosha. Nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba inayeyuka, inatanuka, inasukuma: mpya inaachia taratibu. Ya zamani maji yanatokota nayo imenuna tu.

Mzee anatazama, halafu anasema, "Si tuendelee bila hiyo? Fundi mmoja aliniambia nchi ya joto haihitaji." Hapo huwa napandwa na hasira. Joto gani, na sote tumevaa makoti? Injini isiyofikia joto lake inakunywa petroli na kulika mapema.

Saa 7. Nakwangua gasketi ya zamani, naweka mpya. Kile kipini cha thamostati kinachochezacheza nakiweka juu, hewa ipate pa kupitia. Kulanti nusu, maji nusu. Tunapandisha pua ya gari kwenye mwinuko, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, naminyaminya mpira mpaka mapovu yaishe.

Saa 9. Tunashuka Ipogolo, tunageuza, tunapanda mjini kwa gia ya pili. Mshale unasimama chini kidogo ya nusu na haubanduki. Juu nafungua boneti, nagusa mpira: moto. Mzee naye anataka kugusa. Anarusha mkono, anacheka.

Saa 11. Kalipa, kaondoka. Ile thamostati ya zamani kaitia mfukoni, anakwenda kumwonyesha yule fundi wake.