Siku moja maishani mwangu: kutoa harusi kwenye sidii za zamani, Ngamiani, Tanga

Saa 1:30 asubuhi

Maandazi na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, kisha nafungua. Kibanda changu kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kazi yangu ni kuchukua sidii za DVD zilizorekodiwa nyumbani na kuziingiza kwenye programu ya kuhariri video. Harusi ndizo nyingi. Kisha yapo maulidi, mahafali ya madrasa, na safari za ndugu waliokuja likizo kutoka Muscat na kamera begani.

Kamera za kurekodi moja kwa moja kwenye DVD zilianza kuuzwa mwaka 2000, ya kwanza ikiwa ya Hitachi, na kampuni nyingine zikafuata. Nyingi zinatumia sidii ndogo ya sentimita 8 yenye GB 1.4, inayobeba kama nusu saa kwa ubora wa kawaida. Zile kubwa za GB 4.7 aghalabu zilitoka kwenye deki za mezani, ambako watu walihamishia kanda zao za VHS, saa mbili kwa sidii moja. Kwa hiyo kinachoniletea watu ni kitu cha juzijuzi tu, ila deki zenyewe zimeshakufa na kompyuta mpya hazina pa kuingiza sidii.

Saa 2:10

Naanza na usafi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na sidii iliyokaa miaka juu ya kabati hutoka na ukungu, mafuta ya vidole na vumbi lililogandana. Natumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, napangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, wala sizungushi. Sababu ni hii: data imeandikwa kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaokatiza njia hiyo huugusa kila mzunguko kidogo tu, na sidii ina hesabu zake za kurekebisha makosa madogo. Mkwaruzo unaofuata njia yenyewe hufuta kipande kirefu mfululizo, na hapo hesabu hazisaidii.

Jina la bi harusi likiwa limeandikwa kwa kalamu juu ya sidii, siogopi. Kwenye DVD tabaka la data liko katikati, kati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja. Stika ya karatasi iliyobandikwa upande mmoja ndiyo inayonitia wasiwasi, maana huharibu uwiano na sidii inatetemeka ikizunguka kwa kasi.

Kwenye bunda la leo kuna ndogo tatu ambazo kompyuta inasema ni tupu. Si tupu. Ukiziinamisha kwenye mwanga unaona duara la ndani lina rangi tofauti na la nje. Pale ndipo palipoandikwa. Aliyerekodi hakuzifunga, yaani hakuiruhusu kamera iandike orodha ya yaliyomo ili mashine nyingine ziweze kusoma. Kamera ikiwa bado ipo, unairudishia sidii na kuifunga humo humo. Hii kamera iliuzwa zamani, basi natumia programu ya IsoBuster, inayoweza kusoma sidii isiyofungwa na kuchomoa video zilizomo. Nyingine za aina ya RW, zile zinazofutika na kuandikwa tena, hazina hata folda ya kawaida. Ndani unakuta faili moja kubwa linaloitwa VR_MOVIE.VRO. Mtu akiliona anadhani limeharibika, kumbe ni MPEG-2, aina ileile ya video iliyomo kwenye DVD za kawaida, kwa jina jingine.

Na tafadhali, ile draivu isiyo na trei, ya kuchomeka sidii kwenye mwanya, usiipe sidii ndogo. Itakwama ndani.

Saa 3:00

Kabla ya kitu chochote kingine nachukua nakala ya sidii nzima, kama ilivyo, iwe faili moja la ISO. Naona watu wengi wanaburuta faili kutoka kwenye sidii moja kwa moja mpaka kwenye programu ya kuhariri, na hilo linanisikitisha kweli. Programu ya kuhariri inarukaruka mbele na nyuma kutafuta picha, draivu inahangaika, ikifika kwenye mkwaruzo inaganda. Sidii iliyochoka huenda ikasomeka leo na isisomeke tena mwezi ujao, kwa sababu rangi inayobeba data huliwa na joto na mwanga. Nafasi hiyo ya leo itumike kunakili, kuhariri kuje baadaye.

Kwa sidii zilizoumia natumia programu ya ddrescue. Inasoma kwanza sehemu ambazo hazijaharibika, inaziruka zilizoharibika, kisha inarudi kuzing'ang'ania kidogo kidogo. Kila inapofika inaandika kwenye faili la ramani, hivyo ukiisimamisha haianzi upya. Nina draivu mbili za kampuni tofauti. Kinachoishinda moja mara nyingi nyingine inakisoma, na ddrescue inaendelea kujazia mapengo kwenye nakala ileile.

Saa 4:20

Kijana ameingia na sidii mbili kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu."

"Hii ni harusi ya mama. Naomba unikatie dakika tano tu, niirushe kwenye grupu la ukoo."

Nikaiweka ya kwanza. Ilikuwa usiku wa kina mama, siku ya singo. Vichwa wazi, khanga kiunoni, wanaimba na kucheza kwa raha yao. Nikasimamisha na kugeuza skrini.

"Kaka, hii ni ya kina mama. Mama anajua umeileta?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nitafute fundi wa kike."

"Basi amefanya la maana. Mwambie aje mwenyewe achague."

Hakubisha. Alimpigia mama yake akiwa bado amesimama mlangoni. Wanawake wale waliimba wakijua waliomo chumbani ni nani, na aliyeshika kamera alikuwa mwenzao. Grupu la ukoo lina wajomba, mashemeji na watu wasiofahamiana. Uamuzi wa nini kitoke ni wa walioko kwenye picha, wala si wangu, wala si wa mwenye bando.

Saa 5:00

Huu ndio muda wangu mrefu wa leo. Amekuja kaka mpiga picha kutoka Chumbageni, amenakili faili za sidii kwenye fleshi, akaziingiza kwenye programu yake, sasa shehe anafungua kinywa na sauti inakuja baadaye. Kila video ikienda mbele, pengo linazidi.

Nikamfungulia folda ya VIDEO_TS tuiangalie pamoja. VTS_01_0.VOB ni menyu. VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea ndizo video yenyewe. IFO ni maelekezo kwa deki: wapi pa kuanzia, sura zinagawanyikaje. BUP ni nakala ya IFO, endapo ya kwanza itaharibika. Sasa, VOB moja haizidi GB 1. Mashine ikijaza kiwango hicho inakata na kufungua nyingine, popote ilipofikia, hata katikati ya neno la ijabu. Kwa hiyo VOB si tukio wala si klipu. Ni vipande vya mkondo mmoja, na ukiviingiza kimoja kimoja kwenye programu ya kuhariri utapoteza sauti kidogo kwenye kila maungio.

Lakini tatizo lake kubwa lilikuwa jingine. Kila aliyerekodi aliposimamisha kamera na kuanza tena, saa ya ndani ya video inaweza kuanza upya. Deki inayajua hayo kwa kusoma IFO. Programu iliyopewa VOB mtupu haina habari; inadhani saa ni moja mwanzo hadi mwisho, nayo sauti na picha zinaachana. Kubadilisha jina kutoka VOB kuwa MPG, kama alivyoshauriwa na wenzake, kunaweza kuifanya programu ikubali kulifungua faili, lakini saa iliyovurugika inabaki vilevile.

Dawa ni kumpa kazi hiyo anayeijua IFO. Programu ya MakeMKV inasoma sidii au ISO kwa kufuata maelekezo yake, inaunganisha vipande vyote na kutoa faili moja la MKV. Haibani upya, haigusi ubora: picha ileile ya MPEG-2, sauti ileile ya AC-3, namna ya kubana sauti ya DVD. Tulifanya palepale, dakika chache, na midomo ya shehe ikakaa na sauti yake.

Yapo mawili ya kuongeza. Programu nyingine za kuhariri zinakataa MKV, nyingine zinakubali picha na kuikataa AC-3, unabaki na harusi bubu. Tena MPEG-2 haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, kamili. Kwa PAL, mfumo wa televisheni wa huku kwetu, huwa kuna fremu moja kamili, na hadi nyingine kumi na nne zinazoifuata zimeandikwa mabadiliko tu, kwa hiyo ukikata katikati kompyuta inalazimika kukokotoa na inakuwa nzito. Mimi naigeuza kwa programu ya ffmpeg: picha kuwa ProRes, aina ya video kubwa inayohifadhi kila fremu kamili, na sauti kuwa WAV ya kHz 48, isiyobanwa. Saa moja inakula kama GB 18.

"GB 18 kwa harusi ya zamani hii?" akauliza.

"Ya muda tu. Ukimaliza kazi unaifuta, unabaki na ISO na video iliyokamilika."

HandBrake, programu ya kubana video, naipenda, ila kwa mwisho wa safari, pale unapotengeneza nakala ndogo ya simu. Ukiitumia mwanzoni unaibana picha ambayo tayari ilishabanwa, kisha utaibana tena ukimaliza kuhariri. Nyuso za watu wa nyuma ndizo zinazoanza kupotea, na kwenye harusi watu wa nyuma ndio mabibi na mababu.

Saa 7:15 mchana

Swala, kisha wali na samaki wa nazi. Umeme ulikatika, ukarudi. UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ilishikilia, ddrescue haikusimama.

Saa 9:00 alasiri

Mama wa yule kijana amefika, na baibui lake na miwani mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hao wanangu hawana subira." Nikashusha pazia, nikampa kiti mbele ya skrini, nikamwonyesha kitufe cha kusimamisha.

Aliangalia taratibu. Anataja majina, anacheka, mara ananyamaza. Walio hai, waliotangulia, aliyehamia Mombasa. Kila anachokitaja nakiandika na dakika yake, kwa sababu hakuna mwingine ndani ya nyumba yao anayeyajua yote haya. Mwishowe aliamua: nikaha msikitini, matarumbeta barabarani na wageni wakila viende kwenye grupu. Usiku wa kina mama ukae kwenye fleshi yake mwenyewe, asiupewe mtu.

"Na somo yangu anapoimba, usimkate. Hata kama anajirudia."

Nilimwahidi.

Saa 10:00

Nahariri kwa Kdenlive. Kwanza nahakikisha mradi ni wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, pikseli 720 kwa 576. Kila fremu imesukwa kwa nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, moja ya mistari ya shufwa na nyingine ya witiri. Kwenye televisheni za zamani hukuona kitu. Kwenye simu, mikono ya wachezaji inatoa kingo zenye meno ya kitana. Naziachanisha kwa kichujio cha bwdif na kutoa picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Ukitoa 25 unatupa nusu ya mwendo, na kwa mtu anayecheza ngoma, mwendo ndiyo kila kitu. Lazima pia uijulishe programu nusu ipi ilitangulia. Kwa DVD nyingi ni ile inayoanza na mstari wa juu kabisa, kwa kanda za DV ni ile inayoanza na mstari wa pili. Ukikosea, mtu anatembea kwa kusitasita, mbele na nyuma.

Halafu umbo. Pikseli hizo 720 kwa 576 si za mraba. Picha ya 4:3 ikienda kwenye simu inapaswa kuwa 768 kwa 576. Siinyooshi ijaze skrini pana ya siku hizi, hata mteja akiniomba, mpaka nimwonyeshe kwanza bi harusi anavyopanuka mashavu. Naacha weusi kushoto na kulia. Bado sijamwona aliyeangalia zote mbili akachagua ile iliyovutwa.

Sauti naigusa kidogo. Matarumbeta yalizidi uwezo wa maikrofoni ya kamera na hilo halirudi nyuma. Nashusha tu yasiumize. Mvumo wa chini naupunguza kiasi, maana ukiufuta wote sauti za watu zinakuwa za bati. Wimbo wa somo nimeuacha mzima, mwanzo hadi mwisho, na vigelegele vyake.

Saa 12:00 jioni

Mama alirudi na mwanawe. Tuliangalia mwanzo, katikati na mwisho wa kila faili, si mwanzo peke yake, kwa sababu sauti ikiachana na picha huonekana mwishoni. Fleshi moja ya kijana, nyingine ya mama, kila moja na ISO za sidii zake anazoruhusiwa. Nikawaambia wanakili nyumbani kwenye kifaa cha pili, fleshi nayo hufa. Kisha nikafuta folda yote mbele yao, ISO pamoja na ProRes, na kumrudishia mama sidii zake kila moja kwenye mfuko laini.

Alilipa, akasema dada yake pale Makorora ana za kwake, atazileta kesho baada ya kuzifuta vumbi. Nikamwambia azilete zilivyo, asizipanguse kwa khanga kavu. Chembe za mchanga zilizo juu zitakwaruza.