Siku yangu moja na farasi, Paje, Zanzibar

Saa 11 alfajiri nazoa samadi, nachokoa kwato za farasi wote, nawatilia maji na majani. Basi, sehemu hiyo haina hadithi.

Saa 2 namtoa Zabibu pwani. Ni jike mchanga. Tandiko keshalizoea, ila matiara ya wale wageni wanaoteleza juu ya maji humtia wazimu. Na Julai hii kusi linavuma, Paje nzima ni matiara. Macho ya farasi yako ubavuni: huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na chini ya pua. Tiara ikimpitia nyuma hupotea jicho hili, ikaibukia jicho la pili, na kuibuka huko ghafla humshtua.

Kwa hiyo nasimama. Umbali ni ule ambao masikio yanamsimama lakini miguu haichezi. Kamba nailegeza. Akishusha kichwa na kulamba midomo, papo hapo namrudisha nyuma kidogo apumue. Hiyo ndiyo tuzo yake. Kisha tunasogea tena. Kina mama wa mwani wanashuka maji yakikupwa, wananikuta palepale.

“Mwanangu, walipwa kwa kusimama?”

“Nalipwa, mama.”

Saa 4 kaja bwana mmoja kutoka Dar na rafiki zake wa kumpiga video. Alimtaka Zabibu kwa uzuri wake; nikampa maksai wetu mzee, farasi dume aliyehasiwa. Anataka shoti, yaani farasi atoke mbio, sasa hivi. Magoti kayabana, hatamu kazivuta mpaka kifuani. Miguu inasema nenda, mikono inasema simama. Maksai kachagua kusimama.

“Kaka, mpige tu!”

“Hapigwi, bosi. Toa pumzi, legeza goti.”

“Nimelegeza!”

Hajalegeza kitu. Jua linapanda, rafiki zake wanacheka, naye kila wakicheka anazidi kubana. Nikamwambia tena, taratibu, kwa sauti ileile, maana nikipaza mimi, farasi ndiye anayesikia kwanza. Akaniuliza kama farasi mbovu tunawarudishia watu pesa. Nikameza mate. Ndipo simu yake ikalia. “Naam, mama, shikamoo.” Mabega yakashuka, mkono ukalegea, na maksai akaondoka zake, telki safi, mwendo wa haraka usiofika mbio, kandokando ya maji.

“Umeona?” akanambia alipokata simu. “Anataka kuamrishwa.”

Mchana sijui ulikwendaje. Wageni wengine, watoto wa hoteli, picha, maji ya kunywa yamepata moto. Jioni mwenye farasi kauliza kwa nini simrudishi Zabibu kwenye matiara. Nimechoka, nikamjibu, mkono uliochoka huvuta, na nilichojenga asubuhi kinabomoka. Hakupenda, lakini kanyamaza. Nikawaosha wote miguu kwa maji baridi kuondoa chumvi, mgongo unaniuma.

Kesho maji yatachelewa kukupwa kama dakika 50. Yule bwana kapiga simu, anataka kurudi, na safari hii anasema lazima Zabibu. Nimemwandikia maksai.