Salfa ya mikorosho na panya wa maabara

Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika huku Newala watu wanarudi kutoka shambani wa njano kwa salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, macho mekundu, kifua kinabana, na swali ni lilelile, hivi hii kitu inatuua taratibu au? Nikaanza kufuatilia wataalamu wa serikali wanapimaje sumu. Marekani wana mpango wao tangu 1978, National Toxicology Program, na jamaa hawana haraka kabisa, wanaanza na bakteria kwenye kisahani waone kama kemikali inaharibu vinasaba, afu panya, majike na madume, wengine dozi kubwa wengine ndogo na kuna kundi halipewi kitu, miaka 2 mizima, mwisho wanapasuliwa, ini, figo na mapafu yanapitiwa kwa darubini. Hilo kundi lisilopewa kitu ndo tamu yenyewe, maana panya akizeeka anapata uvimbe hata bila sumu, sasa bila la kulinganisha utajuaje?

Kwetu kiuatilifu kinatakiwa kisajiliwe kwanza TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, Arusha. Salfa yenyewe sumu yake ndogo ila macho na mapafu inayawasha kweli, kwahiyo kaka zangu mnaojifunga tisheti mdomoni, jamani, tafuteni barakoa ya ukweli na miwani.