Matone ya vitamini D hayajibu barua ya mammotest

Mwaka wangu wa kwanza hapa Brussels nilidhani ni huzuni tu ya ugeni. Mifupa inauma, mapaja mazito nikipanda ngazi za metro, usingizi hauishi. Kazi yangu ni usafi wa ofisi, natoka nyumbani giza narudi giza, Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasoro na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Munganga, yaani daktari, akapima damu, vitamini D ikatoka 9, yeye alitaka angalau 20.

Akanipa ampule za mafuta, unavunja shingo yake, unadondoshea kwenye kipande cha mkate unakula. Akanieleza kwamba melanini ya ngozi yetu inapunguza ile mionzi ya UVB inayotengeneza vitamini, kwa hiyo tunahitaji jua zaidi kuliko mzungu, na huku miezi ya baridi mionzi yenyewe haifiki ya kutosha hata ukishinda nje. Mimi mtoto wa Kadutu, kule Bukavu, Kongo, nani alinifundisha kuhesabu jua?

Dawa ilinisaidia kweli. Kinachoniuma ni maneno ya saluni kule Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, eti vitamini D inazuia kansa ya matiti. Kuna mama mmoja wa Bukavu, tunamwita mama mukubwa, ana miaka 61, barua mbili za mammotest, ile picha ya matiti ya kutafuta kansa mapema, zimekaa kwenye droo yake hazijafunguliwa. "Miye nakunywa matone kila siku, kansa itapitia wapi?"

Mama mudogo wangu aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko la Nyawera kule Bukavu miaka yote, jua la utosini, na kansa ya titi ndiyo ilimchukua.

Nikarudi kwa munganga nikamuuliza. Akasema wazo lenyewe ni la zamani, mwaka 1980 ndugu wawili, Cedric na Frank Garland, waliona Marekani kwenye majimbo yenye jua wanaokufa kwa kansa ya utumbo mpana ni wachache zaidi, wakadhani ni kazi ya vitamini D. Lakini jua si vitamini peke yake, watu wa sehemu mbili wanatofautiana kwa mengi. Ndipo watafiti wakafanya jaribio kubwa linaitwa VITAL, watu 25,871, weusi zaidi ya 5,000 ndani yake, nusu wakapewa vitamini D vipimo vya kimataifa (UI) 2,000 kila siku, nusu kidonge kitupu, miaka kama mitano. Majibu yakatoka 2018: walioshikwa na kansa walikuwa karibu sawa pande zote mbili, ya matiti vilevile. Kuhusu kufa kwa kansa kulikuwa na dalili ya kupungua kidogo, hiyo bado wanaibishania. Na ukizidisha dozi kalsiamu inapanda kwenye damu, figo zinaumia, basi acheni kuongezeana matone kienyeji.

Mammotest ni bure jamani, wanawake wa miaka 50 mpaka 69, kila miaka miwili, barua inakuja yenyewe mpaka mlangoni. Mdogo wangu yuko Bukavu, barua kama hiyo haimfikii. Aliniandikia: "Yaya, utume na ile dawa ya jua." Nikamwambia jua unalo, wewe ukioga jipapase matiti na makwapa, ukikuta kitu kigumu usingoje mpaka kianze kuuma, nenda siku hiyohiyo, pesa ya usafiri na vipimo nitatuma mimi.

Jumapili nilienda kwa mama mukubwa, tukafungua droo pamoja. Nilimsomea barua polepole kwa Kiswahili, akanyamaza muda mrefu, halafu akanipa simu yake nimchukulie randevu. Ni Jumanne asubuhi, nimeshabadilishana zamu.